Radhi Niliyoitoa Haraka

Nyumbani kwangu Lindi hakuna mkeka hata mmoja. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kuulizwa, na nimeulizwa sana. Wageni wakitaka kuswali nawatandikia zulia la dukani. Mawifi zangu hunitania kwamba nimejifanya mtu wa Ulaya, nami nacheka nao na kuwaongezea chai. Mwezi uliopita jirani yangu aliniletea mkeka mpya wa zambarau na kijani, umesukwa na mtu anayeijua kazi yake. Nilimshukuru kwa maneno mengi kupita kiasi. Alipotoka nikaukunja, nikaupeleka uani kwenye mabati. Mvua ikanyesha, mkeka ukalowa, na harufu ikanifuata hadi chumbani.

Harufu ya miyaa ya mkeka iliyolowa ni ya majani tu, ina uchachu kidogo. Wenzangu wengi wa rika langu ikiwafikia wanawakumbuka bibi zao. Mimi hufunga madirisha. Kwangu ni harufu ya alfajiri za Kilwa Kivinje, nyumbani kwa shangazi yangu, nami ni mtoto wa miaka minane nimeamka nikiwa nimejikojolea.

Sisi tulikuwa watu wa Nyangamara. Baba alizaliwa Kivinje, lakini alikwenda kuoa shamba, kama ndugu zake walivyopenda kusema, akabaki huko akilima ufuta na mihogo. Shangazi alikuwa dada yake mkubwa, mjane, hakujaliwa mtoto, na mji mzima ulimheshimu. Mikeka yake iliagizwa na watu wa mbali. Alisoma Kurani kwa sauti iliyofanya wapita njia wasimame, na maulidi ya wanawake hayakuanza kabla hajafika. Baba aliponipeleka kwake nikasome, alikaa barazani, akanisukuma mbele kidogo kwa kiganja, akasema, "Dada, mtoto ni wako huyu. Mfunze utakavyo. Mimi sitauliza."

Watu wazima waliokuwapo waliyaelewa maneno yale. Ni heshima, ndivyo mtu anavyomkabidhi mtoto kwa mkubwa wake. Mimi niliyaelewa kwa akili yangu ya miaka minane. Baba alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Akikuambia atakuletea miwa, miwa unaiona. Basi nikajua ameahidi kutouliza, na kwamba mtoto mwenye adabu hatakiwi kumfanya baba yake avunje ahadi. Hilo nililishika miaka mitatu, na nilijiona nina akili.

Shangazi hakuwa mtu wa makelele. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuja pale nilipolala, akapitisha kiganja chini yangu polepole, kama anayetafuta sindano. Akikuta pakavu alisema "Alhamdulillahi," akaenda zake kutawadha. Akikuta pamelowa hakusema kitu. Alikwenda jikoni akachochea makaa, nami nilijua kijiko kimewekwa motoni. Mkono wa gauni niliukunja mwenyewe. Alichagua juu ya kiwiko, mahali panapofunikwa na nguo, maana alikuwa mtu wa sitara. Akimaliza alisimama akanisubiri. Nilitakiwa niseme, "Ahsante, shangazi, kwa kunifunza." Nikisema kwa sauti ya kilio, nilianza upya. Baada ya hapo nilijitwika mkeka nikaenda kuuosha kisimani.

Na alinipenda, hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilipougua malaria alinibeba mgongoni hadi hospitali, mwanamke wa heshima zake, jua la saa saba, wala hakutaka kupokewa. Siku za Ijumaa vitumbua vya kwanza kutoka kikaangoni vilikuwa vyangu. Alinifundisha kusuka ukili, ile mikanda ya miyaa ambayo baadaye hushonwa ikawa mkeka, na wageni wakija aliwaonyesha kazi yangu. "Huyu Somoe mikono yake ina baraka," alisema, nami kichwa kikavimba siku mbili. Nilimpenda na mimi. Nilidhani ubaya uko kwenye kibofu changu, si kwenye kijiko.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Bi Mwanahamisi, alinikuta kisimani asubuhi moja. Mkono wa gauni ulikuwa umepanda.

"Somoe, mkono umefanyaje?"

"Nimemwagikiwa na uji, bibi."

"Uji tena?"

"Ndiyo, bibi."

Alinitazama muda mrefu, kisha akautazama mlango wa shangazi. "Haya. Uwe unauangalia huo uji," alisema, akafungua pindo la kanga yake akanipa kipande cha kashata. Nilikila nikiwa na furaha kwamba nimejua kudanganya. Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto, na najua hakuna mtu mzima anayeamini uji wa kila wiki.

Baba alikuja mara moja tu katika miaka ile, na gunia la korosho na kipolo cha ufuta. Shangazi alinivalisha gauni la mikono mirefu. Nilimletea baba maji ya kunawa, nikainama na birika, na mkono wa gauni ukarudi nyuma wenyewe.

"Hii nini?" akauliza.

Niliogopa, lakini si kwa sababu mnayoidhani. Nilichokiona ni kwamba baba yangu anakaribia kuvunja ahadi yake mbele ya dada yake, na ni mimi wa kumwokoa. "Nilimwagikiwa na uji, baba," nikasema mbio mbio. Shangazi akacheka taratibu, akasema mtoto huyu ana haraka ya kula. Baba akacheka pia. Akanawa mikono. "Mshukuru shangazi yako," akaniambia, nami nikageuka nikasema, "Ahsante, shangazi, kwa kunifunza." Baba alifurahi kweli kweli kusikia mtoto wake ana adabu namna ile.

Nilipofika miaka kumi na moja mama aliugua miguu, nikaitwa nyumbani kumsaidia. Kojo lilikoma wiki ya kwanza. Nililala kwenye kitanda cha kamba na mdogo wangu Zuhura, asubuhi nikaamka mkavu, nikaanza kuamini kwamba yaliyopita hayakuwa makubwa. Zuhura alikuwa na miaka saba, mtoto wa maneno mengi, hawezi kukaa kimya hata akila. Alitaka nimsimulie Kivinje kila siku. Nilimsimulia vitumbua, maulidi na maduka ya Wahindi yenye peremende kwenye chupa, na sikumsimulia jambo jingine lolote.

Sasa nafika mahali ambapo nimekuwa nikipaogopa tangu nianze kuandika.

Ilikuwa wakati wa kukung'uta ufuta. Wasiolima huenda hawajui: ufuta hukatwa, hufungwa matita, matita husimamishwa yakauke, kisha unalichukua moja moja unaligeuza juu ya turubai na kuligonga, mbegu zinamwagika. Kazini tulikuwa mimi na baba tu. Zuhura alikuwa hapo hapo shambani, anakimbiza panzi, mara anaonekana mara haonekani nyuma ya matita. Baba akasimama, akajifuta jasho.

"Somoe, nataka kumpeleka na mwenzio Kivinje. Shangazi yako kaniagizia kwamba nyumba imekuwa kimya. Lakini nikuulize kwanza wewe uliyekaa. Kwa shangazi kukoje? Niambie kweli."

Aliuliza. Mtu aliyeahidi kutouliza, siku ile aliuliza, tena aliweka tita chini akasubiri jibu. Ahadi niliyokuwa nailinda ilikuwa imekwisha na sikuwa na pa kujifichia. Nilichokifikiria, na sikukifikiria kwa muda mrefu, ni kwamba shangazi anataka mtoto. Nikisema kubaya, atasema nimedanganya, na atakayerudishwa kufundishwa adabu ni mimi. Akienda Zuhura, mimi nimepona.

"Kuzuri, baba," nikasema. Na nikaongeza, hakuna aliyeniambia niongeze, "Mpeleke. Atajifunza adabu."

Siku ya safari Zuhura alikuwa tayari kabla ya watu kuamka, nguo zake kazifunga kwenye kanga fundo kubwa kuliko yeye. Mama aliuliza nani kamfungia. Nilikuwa nafagia uwanja, sikuinua kichwa.

Alikaa Kivinje miaka sita. Aliporudi alikuwa msichana mkubwa, mzuri, na maneno yake yote yalikuwa yamekwisha. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii. Tuliambiwa lilitoa usaha akiwa mdogo, likaharibika, ni mipango ya Mungu. Mama akaitikia, baba akaitikia. Mimi nilijua kofi la shangazi lilipenda kutua wapi siku ambazo jiko halijawashwa. Nikaitikia pia. Tangu siku ile nimekuwa nikijitahidi kukaa upande wake wa kulia, ili nisimfanye ageuze kichwa, na kwa muda mrefu nilihesabu kwamba huo ndio wema wangu kwake.

Watu hudhani jambo la utotoni hubaki utotoni. Mimi nina zaidi ya miaka arobaini, fundi cherehani ninayejulikana mjini, na kila asubuhi kabla sijafumbua macho mkono wangu unapapasa shuka chini yangu. Mume wangu anadhani natafuta simu. Ameshanisihi mara nyingi niiweke mbali kwa ajili ya afya, na mimi humjibu kwamba amesema kweli. Sishoni gauni langu la mikono mifupi. Mteja akinikemea, hata akiwa na makosa yeye, naomba msamaha na kumshukuru, kisha najichukia mpaka jioni. Na mwanangu wa mwisho alipokuwa na miaka mitano akajikojolea siku tatu mfululizo, nilijikuta jikoni nimeshika kijiko juu ya moto. Sijui nilifikaje pale. Nilikitumbukiza kwenye ndoo ya maji, kikalia, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtoto alikuja kunitafuta na suruali yake iliyolowa, akaniuliza mama unaumwa. Nikamwambia naumwa kichwa.

Kwa nini sikusema? Baba alikufa hajui, mama alikufa hajui. Nilipokuwa mdogo niliogopa kijiko. Nilipokua niliogopa kuulizwa swali linalofuata: kama ulijua, mbona mdogo wako alikwenda? Ukisema la kwako, lazima useme na la mwenzio, na la mwenzio ndilo lililonishinda. Ni rahisi kuonewa huruma kuliko kuonwa ulivyo, nami hata huruma nilikuwa nimejikosesha.

Shangazi alifariki mwaka huu, mtu mzima sana, kalala tu hakuamka. Tulikwenda Kivinje wote wawili, mimi kutoka Lindi, Zuhura kutoka kwa mumewe Kilwa Masoko. Kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumzaa, sisi ndio tulikuwa wanawe, na wanawe huingia kwenye chumba cha kuoshea. Mwoshaji alikuwa Bi Mwanahamisi, yule yule wa kashata, sasa amepinda mgongo lakini mikono yake bado ina nguvu. Shangazi alilazwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa. Chini pamechimbwa shimo la maji, majani ya mkunazi yameshapondwa. Chini ya kichwa chake walikuwa wamekunja mkeka wake mwenyewe, na maji yalipoanza kudondoka, harufu ile ikapanda.

Kwetu kabla ya maji ya kwanza kumwagwa mwoshaji huwageukia watu wa marehemu. Bi Mwanahamisi akasema, "Wanangu, binadamu ni mapungufu. Mwenye kinyongo na mama huyu akitoe hapa, aende mwepesi. Mna radhi naye?"

Nilikuwa wa kwanza, tena sikumwacha hata apumue. "Mimi nina radhi naye, bibi. Alinilea, alinifunza." Nilisema kwa sauti safi isiyo na kilio hata chembe, kama nilivyofundishwa. Wanawake wakasema mashallah.

Zuhura alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Bi Mwanahamisi akadhani hakusikia, akarudia kwa nguvu.

"Nimesikia, bibi," Zuhura akajibu. "Muosheni, ni haki yake. Ila mimi radhi yangu bado."

Mke wa jamaa mmoja akanishika mkono, akaninong'oneza, "Ana nini mdogo wako?" Hapo ndipo mlango wa kusema kweli ulipofunguka kwa mara ya pili maishani mwangu, mpana, na hakukuwa na jiko wala kijiko. Nikasema, "Msimjali, msiba umemchanganya." Bi Mwanahamisi aliinama juu ya maiti. "Haya," akasema kwa sauti ndogo, "leteni maji." Zuhura alileta maji, akashika mguu wa shangazi ulipotakiwa kushikwa, akamimina polepole bila kumwaga pembeni. Hakunitazama.

Yanayoonekana chumbani mle hayatoki nje, ndiyo desturi, na mimi hapa nayatoa. Mwenye kunilaumu ana haki.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya kisomo, wanawake walikaa uani wakichambua mchele wa sadaka. Zuhura alikuwa mwisho wa mstari wao, ukutani, na ungo wake. Siku mbili hatukuwa tumesemezana. Nilikwenda nikaketi karibu yake, nikachukua mchele kidogo mkononi nikajifanya natafuta mawe.

"Dada," akasema bila kuinua kichwa, "nikuulize kitu kimoja, halafu sikuulizi tena. Baba alikuuliza kabla ya kunileta huku?"

Baba yuko kaburini. Shamba lile limeshauzwa, sasa ni mikorosho ya mtu mwingine. Hakuna mtu duniani ambaye angenibishia nikisema hapana, na "hapana" ilikuwa imeshafika kwenye ulimi.

"Aliniuliza," nikasema chini chini. "Nikamwambia kuzuri."

Zuhura akageuka. "Sijakusikia. Njoo upande huu."

Kwa haraka yangu nilikuwa nimekaa kushoto kwake, mimi ambaye miaka yote nilijisifu kwamba sikosei. Upande wa kulia ndiko walikokuwa wanawake wengine, Bi Mwanahamisi akiwa wa kwanza. Niliona ninavyoweza kuzunguka nikaenda na maneno mengine kabisa. Kisha nikainuka, nikapita nyuma yake, nikaketi upande wa sikio zima, goti langu likigusana na la Bi Mwanahamisi.

"Baba aliniuliza kwa shangazi kukoje," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Nilikuwa nimeshachomwa kijiko miaka mitatu. Nikamwambia kuzuri, akulete, utajifunza adabu. Niliogopa nisije nikarudishwa mimi. Nilijua atakufanya nini, Zuhura. Nilijua."

Mikono ikasimama kwenye nyungo. Bi Mwanahamisi alijifunika uso kwa pindo la kanga, na sikio langu likamsikia akisema, "Na mimi nilijua, wanangu." Aibu iliyonishika siwezi kuipima. Nilitamani shangazi afufuke anichome, niseme ahsante, yaishe.

Zuhura alitoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa.

"Nilikusikia siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nyuma ya tita, na wakati ule nilikuwa na masikio yote mawili. Nilifurahi, dada. Ulivyosema kuzuri, nilikimbia kwenda kufunga nguo zangu."

Akarudi kwenye mchele wake. Nami nikachambua wangu, mpaka tukamaliza ungo mzima. Radhi sikumwomba. Niliogopa asije akanipa haraka.